Mama yuko Kivinje na hataki kuhama: hivi ni kweli pwani yetu kimbunga hakifiki?

#1 Mwana wa Kivinje (Ijumaa, 3 Mei 2024, saa 1:40 asubuhi)

Wakuu, habari za asubuhi. Niko Dodoma, Nkuhungu, huu mwaka wa sita. Mama yangu yuko Kilwa Kivinje, nyumba ya udongo na bati, ukitoka mlangoni unahesabu kama hatua hamsini unakanyaga maji. Tangu jana namwomba apande juu Singino kwa mama mdogo mpaka hiki kimbunga Hidaya kipite. Jibu lake halibadiliki: "Mwanangu, 2019 mlisema Kenneth, nikahama. 2021 mkasema Jobo, nikahama tena, narudi nakuta kuku wangu wote wamebebwa. Safari hii sitoki. Pwani hii kimbunga hakifiki, Mungu kaikinga."

Nina maswali mawili. La kwanza, hilo la kwamba kimbunga hakifiki ni kweli au ni mazoea tu? La pili, nimjibu nini? Jana sikulala. Mnaojua bahari na mnaojua hali ya hewa naomba mnisaidie.

#2 Chachandu (saa 1:52 asubuhi)

Mama yuko sahihi, mkuu. Madagaska imekaa pale kama mlinzi wa geti. Kimbunga kikitoka huko bahari kuu kinapasukia Madagaska, kinachobaki kinakwenda Msumbiji. Sisi huletewa mawingu tu. Kalale.

#3 Mwalimu wa Jiografia (saa 2:15 asubuhi)

Chachandu, usimlaze mtu usingizi wa namna hiyo.

Madagaska inasaidia, hasa pwani ya kusini, lakini ncha yake ya kaskazini inaishia karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Mtwara iko nyuzi 10 na kitu, Dar karibu 7, Tanga 5. Kwa hiyo juu ya Madagaska kuna mlango mpana, uko wazi kabisa. Sababu kubwa ya sisi kuponapona ni ikweta. Kimbunga ili kijizungushe kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo ukikaribia ikweta unakufa. Ndani ya nyuzi 5 ni nadra sana kimbunga kujengeka. Sisi tuko kwenye ukingo wake, kwa hiyo tuna kinga kidogo, hatuna ukuta.

Na huyu wa sasa hakupita Madagaska. Kajengekea juu, mashariki mwetu, na ana bahari ya moto ya kutosha. Kimbunga kinataka maji ya nyuzijoto 26 na zaidi, na Mei hii bahari yetu bado inatokota.

#4 Binti Ilazo (saa 2:31 asubuhi)

Mwalimu ahsante. Ila mbona kila mmoja ana sababu yake? Bibi yangu wa Bagamoyo husema ni visomo vya wazee, Yasini zilizosomwa pwani nzima. Ofisini kaka mmoja ananiambia ni pepo za kusi, zikianza zinakivunja kimbunga. Chachandu anasema Madagaska. Nishike lipi?

#5 Nahodha Mstaafu (saa 3:05 asubuhi)

Salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mafia, nimeendesha mashua na majahazi miaka mingi kabla wanangu hawajanileta huku Majengo, Dodoma, kula vumbi.

Kijana mleta mada, kimbunga pwani yetu kinafika, ila hukawia. Kikikawia watu husahau, na hapo ndipo kilipo hatari. Aprili 1872 kilipiga Unguja, enzi za Sayyid Barghash. Kilizamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Pemba kiliigusa kidogo. Mtu akikuuliza kwa nini karafuu leo ni Pemba na si Unguja, sehemu ya jibu ndiyo hiyo. Aprili 1952 kikapiga Lindi. Marehemu babu yangu alikuwepo, alikuwa akipeleka chumvi. Alisimulia kuwa mabati yaliruka kama karatasi, na watu walikesha wamekumbatia magogo ya minazi iliyokwisha kuanguka, maana ile iliyosimama ndiyo iliyoua.

Mwambie mama hivyo. 1952 mpaka leo ni umri wa mtu mzima. Asiyekiona haimaanishi hakipo.

Jambo la pili, mwezi. Leo ni mfunguo mosi 24. Maji ni mafu, hayajai sana. Bamvua, yaani maji makubwa, linakuja mwezi ukiandama, kama Jumatano au Alhamisi. Kikija Jumamosi kitakuta maji madogo, hiyo ni nafuu kubwa sana kwa Kivinje. Kingekuja siku tano mbele ningekwambia panda basi leo ukamtoe mwenyewe.

#6 Chachandu (saa 3:11 asubuhi)

Mzee Nahodha nimenyoosha mikono. Hiyo ya karafuu sikuijua.

#7 Mgogo wa Bahi (saa 3:40 asubuhi)

Mbukwenyi wakuu. Poleni na mama zetu wa pwani. Samahani naingiza la bara: mimi nimeanika karanga gunia kumi na mtama haujapurwa. Hiki kimbunga kitaleta mvua huku? Tangazo la TMA, hawa Mamlaka ya Hali ya Hewa, nimesikia wametaja Lindi, Mtwara, Pwani, Dar, Tanga na visiwani. Dodoma sijaisikia. Nianue nisianue?

#8 Mtu wa Kisasa (saa 3:58 asubuhi)

Acha zikauke. Kimbunga kikiwa baharini kinavuta unyevu wote kwake. Sisi huku ndiyo tunakaushwa. Kila mwaka wanapotangaza kimbunga Madagaska, huku Dodoma mvua inakata hata wiki mbili, mahindi yanasinyaa. Mwaka jana Februari, Freddy alipokuwa anahangaika kule, mimi shamba langu la Hombolo lilipasuka nyufa.

#9 Mwalimu wa Jiografia (saa 4:20 asubuhi)

Hapo nusu, mkuu. Inategemea kimekaa wapi. Kikikaa Mlango wa Msumbiji, mara nyingi huvuta hewa kutoka misitu ya Kongo, hewa nyevu, inapita juu yetu kutoka magharibi. Hapo kanda ya kati hupata mvua nzuri tu. Kikikaa mbali mashariki ndiyo kinaweza kutunyang'anya unyevu. Kwa hiyo kimbunga hicho hicho kinaweza kukausha Hombolo wiki hii na kuijaza wiki ijayo.

#10 Mgogo wa Bahi (saa 4:26 asubuhi)

Mwalimu, Januari hii Belal alipokuwa kule Réunion na Morisi, mbuga yetu ya Bahi ilijaa hadi majaruba hayaonekani. Sasa huyo alikuwa mbali mashariki. Mbona hakutunyang'anya?

#11 Mtu wa Kisasa (saa 4:30 asubuhi)

Hiyo ilikuwa El Niño, haikuhusiana na Belal.

#12 Mzee Kihenge (saa 4:47 asubuhi)

Na mimi nasema ilikuwa mwaka wake tu. Huku Chamwino mvua kwa kawaida hatuzidi milimita 600 kwa mwaka mzima, na karibu zote zinaingia kati ya Desemba na Aprili. Sisi tumezoea kuhesabu mawingu moja moja. Mwaka 1998 tembe la baba yangu lililala kwa mvua: udongo wa juu ulilewa maji, nguzo zikapiga magoti. Hapakuwa na mtu aliyetuambia kuna kimbunga popote.

Mgogo, anua. Karanga ikipata unyevu ikaota ukungu, hasara si pesa tu, ni sumu kuvu. Gunia kumi hazikuchoshi kuingiza ndani siku mbili.

#13 Mwana wa Kivinje (saa 6:10 mchana)

Nimempigia mama nikamsomea bandiko la Mzee Nahodha lote. Ya 1952 ameikubali, kasema hata yeye alisikia kwa shangazi yake. Ila kuhama bado. Anasema bahari imetulia, upepo ni kusi ya kawaida, watoto wanacheza ufukweni. "Kimbunga gani hiki mimi sikioni?"

#14 Nahodha Mstaafu (saa 6:35 mchana)

Anacho mkononi, ila hajakitambua. Sikiliza, kijana. Mwambie atoke uani, aupe upepo mgongo. Kisha anyooshe mkono wa kulia. Pale mkono unapoelekea ndipo kitovu kilipo. Baharini sisi tulifundishwa hivyo, na huku kusini mwa ikweta ni mkono wa kulia daima.

#15 Mwalimu wa Jiografia (saa 6:50 mchana)

Nathibitisha. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikiwa mashariki yako, upande wako wa kitovu upepo unapanda kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo hiyo "kusi ya kawaida" ya mama leo si ya kawaida peke yake, ndani yake kuna mkono wa Hidaya. Upepo ukianza kugeuka kuja kutoka kusini mashariki, halafu ukawa matlai kabisa, yaani wa kutoka mashariki, maana yake kitovu kinapita kaskazini yake, yaani upande wa Mafia. Ukigeuka kuelekea upande wa pili, yaani ukaanza kutoka magharibi, kinapita kusini yake.

#16 Shangazi wa Makole (saa 7:15 mchana)

Wanangu mmemwelimisha mama wa watu hadi nyuzi za dunia. Mimi nimesoma bandiko la kwanza mara mbili. Huyo mama kimbunga anakijua. Kinachomuuma ni kuku. Alihama mara mbili, kimbunga hakikuja, mwizi akaja. Mleta mada, acha kubishana naye habari ya ikweta. Mwulize ana kuku wangapi, umtumie hela ya tenga na bodaboda, apande nao Singino.

#17 Binti Ilazo (saa 7:19 mchana)

Shangazi!!! 👏

#18 Dereva wa Kusini (saa 8:40 mchana)

Wakuu nimebeba vitunguu, nilipakia Dodoma juzi, naelekea Lindi. Sasa niko Kibiti. Je, nikaze nipite Somanga usiku huu au nilale? Mvua haijaanza huku ila mawingu mazito, na barabara pembeni bado ina maji ya mafuriko ya Rufiji ya mwezi uliopita.

#19 Mtu wa Kisasa (saa 8:44 mchana)

Lala. Vitunguu vinaoza polepole.

#20 Kinyozi wa Sabasaba (saa 10:05 jioni)

Mimi niulize jambo dogo. Hidaya si ni zawadi? Nani kaita kimbunga zawadi?

#21 Nahodha Mstaafu (saa 10:30 jioni)

Hidaya ni tunu, kitu cha thamani unachopewa. Wengine huitumia kwa maana ya uongofu, kuongozwa njia.

#22 Mwalimu wa Jiografia (saa 10:41 jioni)

Majina yanatoka kwenye orodha ambayo nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi zinachangia, yanafuata alfabeti kila msimu. Msimu huu ulianza na Alvaro, ndipo akaja Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo, Gamane, na sasa Hidaya wa nane. Hakuna aliyekaa akaona kimbunga akakiita tunu. Jina lilikuwepo likisubiri zamu yake.

Na mpaka sasa TMA wameshasema kimefikia kimbunga kamili, yaani upepo wa kilomita 118 kwa saa au zaidi. Chini ya hapo ni dhoruba. Nimeona watu wanaandika "kimvua". Si kimvua.

#23 Mwana wa Kivinje (saa 1:20 usiku)

Shangazi wa Makole, nimemwuliza. Kuku kumi na mmoja na bata wawili. Alinyamaza, halafu akacheka, akasema "sasa umeanza kuniuliza ya maana." Nimetuma hela. Ila anasema atahama asubuhi, si usiku. Na ule mkono wa kulia amefanya, mkono ulielekea bahari kuu, moja kwa moja mashariki. Hilo limemshtua kidogo, sauti ilibadilika.

Boti za Zanzibar nasikia zimesitisha safari. Mdogo wangu kakwama Dar.

#24 Fundi Ihumwa (saa 2:05 usiku)

Kwa wenye ndugu pwani, ujumbe mfupi wa kutuma usiku huu maana kesho huenda mtandao ukaleta shida: chaji simu zote, hata ya tochi. Radio weka betri mpya. Vyeti na kadi tia kwenye mfuko wa nailoni, funga, tia kwenye ndoo yenye mfuniko. Jaza maji ya kunywa. Bati lililolegea usipande kulipigilia kukiwa na upepo. Lifunge kwa kamba toka chini au weka magunia ya mchanga mapema. Ngalawa zipandishwe juu au ziingizwe kwenye mkono wa bahari ndani ya mikoko, zifungwe pande mbili. Nilifanya kazi ya kuezeka Mtwara miaka minne, mabati hung'oka kuanzia pembeni, kona ya upepo, mara chache katikati.

#25 Nahodha Mstaafu (saa 2:20 usiku)

Fundi kasema vyema. Ongezeni hili: upepo ukikatika ghafla kukawa kimya, msitoke kuokota mabati. Huenda ni kitovu kinapita. Ukirudi unarudi kutoka upande wa pili, na unarudi na hasira.

#26 Chachandu (Jumamosi, 4 Mei, saa 11:40 alfajiri)

Mmeamka? Umeme umekatika usiku wa manane. Nilidhani ni mtaa wetu wa Chang'ombe, naambiwa ni nchi nzima. Hidaya huyo kafika hadi kwenye nguzo zetu?

#27 Mtu wa Kisasa (saa 12:02 asubuhi)

Ni hitilafu ya gridi ya taifa. Kimbunga bado kiko baharini.

#28 Kinyozi wa Sabasaba (saa 12:10 asubuhi)

Gridi ipate hitilafu siku hiyo hiyo ambayo kimbunga kinakuja? Hapana, hapo kuna uhusiano.

#29 Fundi Ihumwa (saa 12:25 asubuhi)

Gridi hukatika hata siku za jua kali, tumeshaona. Na inaweza pia kuwa walizima baadhi ya mitambo kwa tahadhari. Mimi sijui, na wewe Kinyozi hujui. Simu yangu ina asilimia 22, naitunza.

#30 Mwana wa Kivinje (saa 1:15 asubuhi)

Ameondoka!!! Alhamdulillah.

Kanipigia saa 12 kasoro. Anasema aliamka kuswali alfajiri akasikia upepo umebadilika sauti, unapiga ukuta wa upande ambao kwa kawaida haupigwi. Akatoka uani na kanga kichwani, akaupa mgongo, akanyoosha mkono. Jana ulielekea bahari kuu. Leo umekuja ukasimama upande wa Songosongo. Kaniambia kwa maneno yake: "Kinatembea, mwanangu. Kimetoka kule kimekuja huku. Nimekiona na mkono wangu."

Kuku wako kwenye matenga mawili, bata kawafunga miguu kawaweka kwenye ndoo. Bodaboda kachukua safari mbili. Wakuu nalia hapa Nkuhungu kama mtoto.

#31 Shangazi wa Makole (saa 1:19 asubuhi)

Niliwaambia kuku.

#32 Nahodha Mstaafu (saa 1:25 asubuhi)

Ni mkono, Shangazi. Kuku walikuwepo tangu jana.

#33 Shangazi wa Makole (saa 1:27 asubuhi)

Na mkono alikuwa nao tangu azaliwe. Bila matenga angebaki pale anaunyoosha tu.

#34 Binti Ilazo (saa 1:40 asubuhi)

Bibi yangu angesema ni ile alfajiri aliyoamka kuswali. Nimefurahi sana kaka.

#35 Mgogo wa Bahi (saa 3:00 asubuhi)

Huku Bahi kumefunga mawingu, upepo baridi, manyunyu hakuna. Karanga nimeanua zote, ziko chumba cha kulala, tunalala sebuleni. Mke wangu anauliza nani alitoa ushauri huu.

#36 Mzee Kihenge (saa 3:12 asubuhi)

Mpe salamu zangu.

#37 Dereva wa Kusini (saa 9:30 alasiri)

Nilienda mbele kidogo jana jioni badala ya kulala Kibiti. Nilikosea. Sasa hivi niko kabla ya Somanga, foleni ya malori na mabasi. Mvua inapiga kwa ubavu, kioo cha upande wa abiria sioni kitu, wa upande wangu naona. Mnazi mmoja mbele yetu umelala hadi makuti yanafagia lami, haujavunjika, unainuka, unalala tena. Turubai la vitunguu limechanika kona moja. Waliotoka huko mbele kwa miguu wanasema maji yanakula barabara.

#38 Mwalimu wa Jiografia (saa 9:48 alasiri)

Pole sana ndugu. Usijaribu kuvuka maji yanayotembea juu ya lami, hata ukiona mwenzako amevuka. Chini huenda hakuna barabara.

#39 Mwana wa Kivinje (saa 2:40 usiku)

Simu ya mama haipatikani tangu saa 11 jioni. Ya mama mdogo pia. Najua huenda ni minara imekosa umeme. Najua. Ila naandika tu ili nisikae peke yangu.

#40 Fundi Ihumwa (saa 2:44 usiku)

Tupo, kaka.

#41 Nahodha Mstaafu (saa 2:51 usiku)

Mimi pia dada yangu yuko Kirongwe, Mafia, na simu haiiti. Tuko wawili. Singino ni juu, kijana. Maji mafu. Omba tukeshe.

#42 Shangazi wa Makole (saa 3:30 usiku)

Nipo macho na radio.

#43 Binti Ilazo (Jumapili, 5 Mei, saa 12:20 asubuhi)

TMA usiku wametangaza: kimeingia kisiwa cha Mafia, kimepoteza nguvu, tishio la kimbunga limekwisha. Mvua bado.

#44 Chachandu (saa 12:45 asubuhi)

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi tangu mwanzo? Kilifika kikafa.

#45 Mwalimu wa Jiografia (saa 1:05 asubuhi)

Kilimalizika BAADA ya kufika, si kabla. Kimbunga kinakula bahari ya moto, kikikanyaga nchi kavu kinakosa chakula. Mafia na Kilwa ndizo zilizokimalizia, na zimelipa gharama hiyo. Na kufa kwa upepo si kufa kwa mvua. Tazama Freddy, Machi 2023: alipanda nchi kavu, upepo ukaisha, mvua yake ikaenda Blantyre kule Malawi, mbali kabisa na bahari, milima ikamomoka, mamia ya watu wakafa.

#46 Mtu wa Kisasa (saa 1:20 asubuhi)

Sasa mwalimu, kama mvua ya Freddy ilifika Blantyre, kwa nini ya Hidaya isifike Dodoma? Kilwa hadi hapa kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 500 tu. Jana tumekula mawingu.

#47 Mwalimu wa Jiografia (saa 1:42 asubuhi)

Nadhani ni milima. Udzungwa na Uluguru wanakamua, sisi nyuma yao tunapata makapi. Ndiyo maana Dodoma ni kavu hata bila kimbunga.

#48 Mzee Kihenge (saa 1:55 asubuhi)

Na mimi nadhani ni mwezi wa tano. Mei huku hata wingu lije na barua, mvua hainyeshi. Lingekuja Januari tungeongea mengine.

#49 Mtu wa Kisasa (saa 2:01 asubuhi)

Nilisema tangu Ijumaa, kimevuta unyevu wetu.

#50 Dereva wa Kusini (saa 4:10 asubuhi)

Niko hai wakuu. Barabara imekatika Somanga, lami imeondoka, mkondo unapita pale palipokuwa na njia. Kuna mabasi yamelala na abiria, wanawake na watoto. Nimefungua turubai, wanaotaka vitunguu wachukue wapike, kuna mama mmoja wa kijiji kaleta sufuria na muhogo. Tajiri nimempigia, kaelewa.

#51 Mtu wa Kisasa (saa 4:18 asubuhi)

Mungu akubariki dereva. Ungepita Iringa, Songea, Tunduru, Masasi. Ni mbali lakini ungekuwa Lindi.

#52 Dereva wa Kusini (saa 4:25 asubuhi)

Mafuta ya mzunguko huo unalipa wewe?

#53 Mwana wa Kivinje (saa 7:50 mchana)

Amepatikana. Kapiga kwa simu ya jirani, dakika moja na nusu. Wote wazima.

Jana mchana upepo uligeuka ukawa matlai kama mlivyosema, ukasukuma bahari ndani. Maji yaliingia uani, yakafika kizingiti, hayakuingia ndani. Mzee Nahodha, hayo maji mafu yako ndiyo yaliyosimamisha kizingitini, sitasahau. Bati tatu zimekwenda, zote za kona ya upande wa bahari. Fundi, ulisema kona. Jiko la makuti halipo. Mnazi mmoja umeangukia choo. Ukuta wa upande wa kusini umelowa na umetoa tumbo, nadhani hautasimama.

Kama angekuwa ndani? Sijui. Pengine angepona tu, maji hayakuingia. Yeye mwenyewe anasema angepona. Mimi nikiuwaza ule ukuta nashindwa kukubaliana naye.

Kuku kumi na mmoja wamerudi. Bata mmoja kapotelea Singino.

#54 Shangazi wa Makole (saa 7:58 mchana)

Bata nitamnunulia mimi. Nitumie namba pembeni.

#55 Nahodha Mstaafu (saa 10:15 jioni)

Dada yangu kapatikana. Mwembe wa baba umeng'oka na mizizi yake, mwembe niliozaliwa nikaukuta. Watu wake wazima. Alhamdulillah.

#56 Mgogo wa Bahi (Jumatatu, 6 Mei, saa 1:30 asubuhi)

Jua kali Bahi. Karanga ziko nje tena. Nimewasoma wote kuhusu Kongo, milima, Mei na kuvutwa unyevu, na bado sijui mwakani nianue au nisianue.

#57 Mtu wa Kisasa (saa 1:36 asubuhi)

Usianue.

#58 Mzee Kihenge (saa 1:37 asubuhi)

Anua.

#59 Mwana wa Kivinje (Ijumaa, 17 Mei, saa 12:50 asubuhi)

Wakuu naufufua uzi. Ukuta tumeusimamisha upya, nilikwenda mwenyewe kwa njia ya Songea maana Somanga walikuwa bado wanapitisha magari kwa shida. Nimerudi juzi.

Leo alfajiri simu imeita. Mama. Kasikia kwenye radio herufi inayofuata imeshatoka, Ialy, iko kaskazini mwa Madagaska. Kaniuliza kama kinakuja kwetu au kinakwenda Kenya, na kama nimeshaangalia. Matenga hajayarudisha kwa mwenyewe. Mwalimu, Mzee Nahodha, mnasemaje?

#60 Nahodha Mstaafu (saa 1:05 asubuhi)

Mwulize, akiupa upepo mgongo, mkono uko wapi.